Kuvu Zifanyazo Kazi Katika Joto Kali

Mtu akilundika majani mabichi nyuma ya nyumba yake, akayaacha siku tatu nne, kisha akatia mkono katikati ya biwi lile, atautoa upesi. Ndani mna joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Hakuna aliyewasha moto, wala jua halifiki huko. Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani, na wengi wao waliliacha kama lilivyo, kwa kuwa halikuwadhuru. Lakini katika nchi za baridi, ambako wakulima hukata nyasi wakati wa joto ili ng'ombe wapate malisho wakati wa theluji, jambo hilo hilo limewatia watu hasara kubwa. Nyasi zikiwekwa ghalani kabla hazijakauka sawasawa hupata joto, joto huzidi siku hata siku, na mwisho ghala huwaka moto usiku bila ya mkono wa mtu.

Mjerumani Hugo Miehe ndiye aliyelichungua jambo hilo kwa makini, na mwaka 1907 akachapisha kitabu juu yake. Jaribio lake halina mafumbo. Alichukua nyasi, akaua viumbe vyote vidogo vilivyokuwamo, akaona kwamba nyasi hizo hazipati joto hata kidogo. Alipozitia tena kuvu alizozitoa katika nyasi zilizovunda, joto likapanda. Basi moto ule usio na kiberiti ulikuwa ni pumzi ya viumbe hai: wanakula, wanapumua, na joto lao, kwa kuwa lundo ni nene na halipitishi hewa nyingi, halina pa kutokea. Miaka minane kabla yake, mwaka 1899, mwanamke mtaalamu wa Kirusi aitwaye Tsiklinskaya alikuwa amekwisha kueleza habari za kuvu moja ya namna hiyo, iliyoota juu ya kiazi kilichopakwa udongo wa bustani. Kuvu hiyo leo huitwa Thermomyces lanuginosus, na habari zake zitakuja mbele.

Yafaa msomaji atambue jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Maziwa yakipashwa hata nyuzi 63 kwa muda wa nusu saa, vijidudu vya maradhi vilivyomo hufa. Kuvu ya kawaida, ile iotayo juu ya mkate au kiatu kilichosahauliwa uvunguni, hudhoofika joto lipitapo nyuzi 40. Kumbe zipo kuvu ambazo kwake nyuzi 45 au 50 ndiyo hali ya raha, na zikiwekwa mahali penye baridi hazioti kabisa. Wamarekani wawili, Cooney na Emerson, katika kitabu chao cha mwaka 1964, waliweka mpaka: kuvu ipendayo joto ni ile iwezayo kuota katika nyuzi 50 au zaidi, na isiyoweza kuota chini ya nyuzi 20. Kuvu zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya laki moja, lakini zinazotimiza sharti hilo ni makumi machache tu. Hata hizo zina kikomo. Ikifika nyuzi 60 au 62 hivi, hakuna kuvu iwezayo kuendelea kukua. Zaidi ya hapo ni ufalme wa bakteria.

Ndiyo maana katika biwi kazi hufanywa kwa zamu, kama kiwandani. Zamu ya kwanza ni ya vijidudu na kuvu za kawaida, ambazo hula vilivyo laini na kupandisha joto, hata joto lenyewe likazifukuza. Zamu ya pili huingia kuvu zipendazo joto. Lundo likiwa kubwa na lenye maji ya kutosha, joto hupita nyuzi 65 na kufika 70 au zaidi. Hapo kuvu hukimbilia pembeni au hujificha katika mbegu zao, na bakteria hushika zamu ya tatu. Likianza kupoa, kuvu hurudi na kukamilisha kazi iliyo ngumu kupita zote, nayo ni kula ubao wenyewe wa mmea.

Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu ya namna mmea ulivyojengwa. Jani, bua na gogo vimejengwa kama nyumba ya miti na udongo. Fito zake ni kitu kiitwacho selulosi. Kamba zifungazo fito ni hemiselulosi. Na udongo uliokandikwa juu ya yote, ukakauka ukawa mgumu, ni lignini. Selulosi ni mkufu mrefu wa pete za glukosi, sukari ile ile ipitayo katika damu yetu. Wanga wa mahindi na muhogo nao ni pete za glukosi. Tofauti iko katika namna pete moja ilivyounganishwa na nyingine. Mtu akitafuna ugali kwa muda mrefu bila ya kuumeza, ataonja utamu ukija, maana mate yetu yana kitu kinachokata mikufu ya wanga kuwa sukari. Akitafuna bua la mtama, atapata maji matamu yaliyomo, lakini nyuzi zake zitabaki nyuzi hata jioni. Kitu kile kilichomo mateni hakijui kufungua pete za selulosi.

Vitu hivyo vikatavyo na kuunganisha ndivyo vinavyoitwa vimeng'enya, kutokana na neno kumeng'enya chakula tumboni. Havina uhai. Ni protini, kama ute wa yai, ila zimekunjwa kwa umbo maalumu, na kila kimeng'enya kina kazi yake moja. Kuvu haina kinywa wala tumbo. Hutema vimeng'enya vyake nje, vikasaga chakula hapo kilipo, kisha hunyonya uji uliopatikana.

Ili kuikata selulosi, vimeng'enya hufanya kazi kwa kikundi. Cha kwanza hukata mkufu katikati, popote kinapopata nafasi. Cha pili hushika ncha na kuutafuna pete mbili mbili. Cha tatu huzipasua zile jozi, ikapatikana glukosi moja moja. Vingine, viitwavyo zailanasi, hukata kamba za hemiselulosi ili fito zionekane. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kwamba hesabu haitimii, kwa kuwa selulosi imeshonana mno, na vimeng'enya hivyo havikupata pa kuingilia. Mwaka 1950 Mmarekani Elwyn Reese na wenzake walisema kwamba lazima kuwe na kitu kinachotangulia kuilegeza. Walitajwa sana, wakabishiwa sana, na kitu chenyewe hakikuonekana. Ilipofika mwaka 2010 watafiti wa Norwei, wakichungua kimeng'enya cha bakteria kinachoshambulia kitu kigumu cha ganda la kaa na uduvi, walionyesha kwamba kipo kimeng'enya kinachochanja mkufu kwa kutumia oksijeni, wala si kwa maji kama wafanyavyo wenzake. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba kuvu ipendayo joto iitwayo Thermoascus aurantiacus inacho kimeng'enya cha namna hiyo cha kuchanjia selulosi, na kwamba moyoni mwake mna chembe moja ya shaba. Miaka sitini ilipita kati ya dhana na ushahidi.

Na ile Thermomyces ya Tsiklinskaya? Hiyo ina zailanasi bora sana, lakini selulosi haiwezi. Huishi jirani na kuvu ziwezazo, na kula sukari zilizoachiliwa na jirani. Mwenye haraka ataiita kupe. Asifanye haraka. Sukari ikijaa mahali pa kazi huzuia vimeng'enya visiendelee kukata, kama bidhaa zilizorundikana mlangoni zizuiavyo wafanyakazi kupita. Kwa kuila ile sukari, Thermomyces huwafungulia wenzake njia. Ilipooteshwa pamoja na kuvu mla selulosi iitwayo Chaetomium thermophile, selulosi iliisha upesi kuliko ile kuvu nyingine ilipokuwa peke yake.

VITA NA MAHEMA YALIYOOZA

Elimu hii, kama elimu nyingi za karne iliyopita, iliharakishwa na vita. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yaliyopigana katika visiwa vya Solomon yaliona mahema, mikanda na nguo za pamba vikioza mbele ya macho yao. Mabingwa wakakusanya maelfu ya kuvu ili kutafuta adui ni nani. Mmojawapo alikuwa kuvu wa kijani aliyekuja kuitwa Trichoderma reesei mwaka 1977, kwa heshima ya yule Reese tuliyemtaja. Yeye na Mary Mandels, katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, walitumia miaka mingi kuchungua namna kuvu huyo alavyo pamba. Lengo la kwanza lilikuwa kumzuia. Mafuta yalipopanda bei ghafula mwaka 1973, lengo likageuka: ikiwa aweza kugeuza hema kuwa sukari, mbona asigeuze makaratasi na mabua, na sukari hiyo ikafanywa spiriti ya kuendeshea magari?

Katika vita hivyo hivyo Wajapani walipoyateka mashamba ya mpira ya Malaya mwaka 1942, Washirika wakahaha kutafuta mpira kwingine. Hapa Tanganyika serikali ya kikoloni iliyafufua mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi ya Wajerumani, na watu wakalazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani. Huko California Wamarekani walipanda guayule, kichaka cha jangwani chenye mpira ndani ya magome yake. Mpira wake ulikuwa umechanganyika na ulimbo mwingi. Walipokilundika kichaka kilichokatwa na kukiacha kivunde, kwa maana ile ile ya akina mama wa Unguja wafukiapo makumbi ya nazi pwani ili yalegee wapate kusokota kamba, mpira uliopatikana ulikuwa bora zaidi. Malundo yale yalipita nyuzi 65. Emerson, yule wa kitabu cha mwaka 1964, na mwenzake Allen walitoa humo jamii kama kumi za kuvu zipendazo joto, na hapo ndipo mapenzi yake kwa viumbe hivyo yalipoanza.

Trichoderma si kuvu ya joto. Vimeng'enya vyake hufanya kazi vizuri kama nyuzi 50, vikipita hapo huharibika upesi, kama ute wa yai ugandavyo kikaangoni. Vya kuvu zipendazo joto hustahimili nyuzi 60 na hata 70. Siri yake si moja: protini imeshonwa kwa nguvu zaidi, vifungo vya ndani ni vingi zaidi, sehemu zinazoning'inia ni chache. Mwenye kiwanda apataye nini? Kazi huenda upesi zaidi katika joto, bakteria waharibifu hawapati nafasi, na vimeng'enya hivyo hudumu siku nyingi kabla ya kuongezwa vingine.

KUTOKA BIWI HADI KIWANDANI

Katika viwanda vya karatasi, rojo la miti hutoka likiwa la moto na kahawia, na zamani lilisafishwa kwa klorini nyingi, ambayo ilimwaga sumu mitoni. Mwaka 1986 Wafini walionyesha kwamba zailanasi ikitangulia kukata zile kamba, udongo wa lignini hutoka kwa urahisi, na klorini ihitajikayo hupungua. Katika chakula cha kuku, zailanasi hutiwa ili kuku wapate nguvu zaidi katika nafaka ile ile. Chakula hicho hupitishwa katika mvuke mkali kikitengenezwa vidonge, basi kimeng'enya kisichostahimili joto kingekufa humo. Faida hiyo ni kubwa kwa ngano na shayiri za Ulaya kuliko kwa mahindi yetu.

Suruali za jinzi zataka neno zaidi. Watu wa mjini hupenda zionekane zimechakaa zikiwa mpya, nasi hatutabishana nao. Kwanza zilifuliwa pamoja na mawe, ambayo yalivunja mashine na kuacha mchanga. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 viwanda vingi vikaanza kutumia vimeng'enya vya kukata selulosi, vingine kutoka kuvu ipendayo joto iitwayo Humicola insolens, ambavyo huparura uso wa uzi na kutoa rangi ya buluu kidogo kidogo. Lakini wenye viwanda wengine walichagua njia ya mkato ya kupuliza mchanga kwa nguvu za hewa. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo katika vyumba vilivyofungwa waliharibika mapafu kwa vumbi la mawe, na wengine wakafa, hata serikali ikaupiga marufuku mtindo huo mwaka 2009. Suruali ilikuwa ile ile, na bei dukani ile ile.

Tumaini kubwa lililokuwako ni mafuta ya magari kutokana na makapi. Viwanda vikubwa vilijengwa kwa fedha nyingi. Kile cha Crescentino, Italia, kilifunguliwa mwaka 2013, kikasimama mwaka 2017, kikaanza tena mwaka 2022 mikononi mwa kampuni nyingine. Kile cha Hugoton, Kansas, kilifunguliwa mwaka 2014 na haukupita muda mrefu mwenyewe akafilisika. Kile cha Nevada, katika jimbo la Iowa, kilifunguliwa mwaka 2015, na mwaka 2017 kampuni ikatangaza kujitoa. Kile cha Podari, Rumania, kilianza mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kitafungwa. Sababu ni nyingi. Mabua ni mepesi na hujaza malori bila ya uzito, mchanga ujao pamoja nayo hukwangua mashine, petroli ilishuka bei, na vimeng'enya, ambavyo huhitajika vingi kwa selulosi kuliko kwa wanga, bado ni ghali. Waliosema kwamba mambo yako tayari walisema mapema mno. Brazili wamefaulu kiasi, na sababu yaonekana wazi: makapi ya miwa yako tayari mlangoni pa kiwanda cha sukari, hayahitaji kusombwa. Kiwanda cha Piracicaba kilianza mwaka 2014, na cha Guariba kikazinduliwa mwaka 2024.

Jambo hilo latuhusu, lakini tusilirukie. Viwanda vyetu vya sukari havitupi makapi yote. Huyachoma katika matanuri ya mvuke na kuendeshea mitambo. Mwenye kutaka kuyageuza spiriti hana budi kwanza kusema mvuke utatoka wapi. Mkonge ni habari nyingine. Katika kila jani la mkonge, nyuzi zipatikanazo ni sehemu chache tu katika mia, na mabaki hurundikwa nje ya korona, yakanuka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika mwaka 2008 jinsi walivyokuza jamii tatu za uyoga wa kienyeji juu ya mabaki hayo baada ya kuyavundisha. Wakulima wa uyoga wa Ulaya nao hutegemea kuvu ya joto bila ya wengi wao kuijua jina: katika samadi iliyovundishwa vizuri kwa nyuzi 45 hadi 50, Scytalidium thermophilum hutangulia, nao uyoga hustawi juu ya mabaki yake.

Lipo na suala la nani mwenye mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Kiingereza walichukua bakteria katika maziwa ya magadi ya Kenya, na katika mmoja wao kikapatikana kimeng'enya cha kukata selulosi, kikaingia katika sabuni na katika kufifisha jinzi. Si kuvu, wala si ya biwi, lakini kazi ni ile ile. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida, likisema kwamba ruhusa iliyotakiwa haikutolewa. Dai hilo lilipingwa. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, wasema kwamba achukuaye kiumbe cha nchi nyingine kwa utafiti apate kwanza idhini, na wagawane faida. Mkataba hautazami nyuma. Na mtu hahitaji gunia. Udongo wa kujaza kijiko kimoja watosha, nao hukaa mfukoni.

Neno la mwisho ni kwa wale wafanyao kazi karibu na malundo. Mwaka 1941 madaktari wa Louisiana walieleza maradhi ya mapafu ya wafanyakazi walioshughulika na makapi ya miwa yaliyokaa muda mrefu yakapata uvundo. Homa, kikohozi kikavu na pumzi fupi huanza saa chache baada ya kazi, hupungua mtu akipumzika, na hurudi akirudi kazini. Kwa hiyo wengi hudhani ni malaria. Mwenye kosa hasa ni bakteria wapendao joto, wanaofanana na kuvu kwa nyuzi zao nyembamba, na ndugu zao ndio waletao maradhi ya mapafu ya wakulima wa nyasi kule Ulaya. Kuvu Aspergillus fumigatus, istahimiliyo hadi nyuzi 55, nayo hujaa katika malundo hayo na haifai kuvutwa puani. Makapi mabichi hayana hatari hiyo, wala yale yaliyokauka upesi. Yale yanayotakiwa kuwekwa hunyunyiziwa asidi ya propioniki, ambayo huzuia uvundo usianze. Na lundo la zamani, likibidi kufunuliwa, humwagiwa maji kwanza ili vumbi litulie, na afunuaye huvaa kinga ya pua na mdomo. Kitambaa cha kawaida hakitoshi, kwa maana mbegu hizo ni ndogo kuliko matundu yake.